Kidingapopo: jina la pwani lililokwenda kwa ugonjwa mwingine

Julai 2025 Kwale ilitajwa kote ulimwenguni kwa jambo jema. Katika vijiji ambavyo watu walimeza vidonge vya ivermektini mara moja kwa mwezi, kwa miezi 3, maambukizi ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26, yakilinganishwa na vijiji vilivyopewa albendazole. Dawa hiyo humwua mbu aliyenyonya damu ya aliyeimeza. Tujigambe kidogo, ni haki yetu.

Lakini mbu aliyesakwa pale ni yule wa usiku, na huyo amefuatwa siku nyingi. Ndiye aliyewafanya watafiti wa matende, miaka ya 1990, watoe watu damu usiku huko Muhaka, kwa kuwa vijidudu vya matende huingia kwenye damu ya juujuu usiku. Vidonge vya matende na mshipa vilianza kugawiwa Kwale mwaka 2003, kisha awamu nyingine zikarukwa, kama kawaida yetu.

Wa mchana, mwenye madoa meupe miguuni, hafuatwi hivyo. Na pengine yeye ndiye mwenye historia tamu zaidi.

Mwaka 1870 homa aienezayo iliivamia Unguja. Ilimshika mtu ghafla, viungo vikakaza, na maumivu yakadumu hata homa ilipokwisha. James Christie, tabibu wa Sultani, aliwauliza wazee, nao hawakushangaa: waliiona ujanani, kiasi cha mwaka 1823, wakaiita kidinga pepo, mkazo wa ghafla uletwao na pepo. Kamusi zetu zimeandika kidingapopo. Christie alichapisha habari hizo mwaka 1872, na baadaye akadai kwamba jina hilo lilivuka bahari pamoja na watumwa hadi visiwa vya Karibi, ambako homa kama hiyo ilizuka mwaka 1827. Huko Waingereza waliiita homa ya "dandy", mlimbwende, kwa jinsi wagonjwa walivyotembea wamekakamaa. Wahispania wakasema dengue, neno lao la madaha. Nani alimwazima mwenzake? Wanaisimu hawajakubaliana. Mimi niko upande wa wazee wa Unguja, na sioni haya kusema hivyo.

Ugomvi ulichacha upya mwaka 1971. Donald Carey alizisoma upya dalili alizoandika Christie, hasa yale maumivu ya viungo yasiyokwisha, akasema kwamba ile haikuwa dengi hata kidogo. Ilikuwa chikungunya. Yaani jina letu lilisafiri dunia nzima likaangukia ugonjwa usio wake! Chikungunya yenyewe ilikuwa imetambuliwa miaka ya 1952 na 1953 huko Newala, Tanganyika, ikapewa jina la Kimakonde la mtu aliyejikunja kwa maumivu. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa.

Dengi ilithibitishwa Malindi mwaka 1982. Chikungunya ililipuka Lamu mwaka 2004, na vipimo vikaonyesha kwamba karibu watu watatu kati ya kila wanne waliambukizwa. Ikashuka Mombasa, ikavuka hadi Komoro na Réunion.

Na kwetu Kwale? Damu za watoto wenye homa waliopimwa na watafiti Msambweni na Ukunda zimekutwa na virusi vya magonjwa hayo, ilhali mtaani kila homa bado ni malaria. Kipimo kikikataa, mtu hupewa panadoli akarudi nyumbani bila jina la kilichomshika. Mzee wa Unguja wa 1870 alikuwa nalo.

Nyuma ya gereji za Ukunda tairi kuukuu zimejaa maji ya mvua, na hapo ndipo mbu huyu anapenda kutaga. Saa moja asubuhi, neti ikishakunjwa juu ya kitanda, ndiyo kwanza anatoka kutafuta riziki.