Tovuti ya biashara ndogo: hakikisha jina ni lako kabla ya kumlipa fundi

Mwenye nyumba ya wageni Kaole, kikundi cha akina mama wanaolima mwani Mlingotini, mchongaji wa vinyago Mji Mkongwe wa Bagamoyo: wote hawa wanaweza kuuza kwa simu bila tovuti. Picha inawekwa WhatsApp, mteja anapiga, wanapatana bei. Basi tovuti ya nini? Katika makala haya tunaeleza tovuti inamfaa nani, inatengenezwaje bila gharama kubwa, na kwa nini anwani yake iwe mali ya mwenye biashara, si ya fundi.

Inamfaa nani?

WhatsApp inamfikia mteja ambaye tayari ana namba yako. Tovuti inamsaidia asiyekujua. Mtu aliye Arusha au Ujerumani anayepanga safari ya Bagamoyo hana namba yako. Anaandika Google anachotaka, kisha anachagua kati ya majina yanayotokea. Kama biashara yako inategemea wageni, au wanunuzi wa mbali wa mwani, chumvi au sanaa, tovuti ina kazi. Kama wateja wako wote ni majirani wa kijijini, pesa hiyo itafaa zaidi kwenye mtaji.

Vitu vitatu vinavyounda tovuti

Cha kwanza ni jina la kikoa, yaani anwani ambayo watu wanaiandika kwenye simu. Cha pili ni nafasi kwenye seva, kompyuta inayowashwa usiku na mchana ili tovuti ipatikane wakati wote. Cha tatu ni kurasa zenyewe, zenye maneno na picha.

Chukulia kwamba kurasa ni duka, seva ni kiwanja, na jina ni kibao cha barabarani. Duka likihama, ukikigeuza kibao kuelekea mahali papya, wateja watafika. Kibao kikiwa cha mtu mwingine, huna la kufanya.

Hili limewahi kutokea kwa wengi duniani. Google ilikuwa ikiwapa wafanyabiashara wadogo tovuti ya bure ya ukurasa mmoja. Machi 2024 ilizifunga tovuti hizo. Aliyekuwa na jina lake mwenyewe aliweza kulielekeza kwenye tovuti nyingine. Aliyechapisha kwenye kadi na mabango ile anwani ya bure aliyopewa, alibaki na anwani isiyofika popote.

Kupata jina

Majina yanayoishia na .tz ni ya Tanzania na yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Huuzwa na kampuni zilizoidhinishwa kuyasajili. Biashara hutumia .co.tz, asasi zisizo za kibiashara hutumia .or.tz, na hoteli zina .hotel.tz.

Chagua jina fupi. Lijaribu hivi: mpigie mtu simu, umtajie mara moja, umwambie aliandike. Akilikosea, tafuta jingine.

Kusajili jina la biashara BRELA hakukupi jina la kikoa, na kuwa na kikoa hakumaanishi umesajili biashara. Ni mambo mawili tofauti.

Jina la kikoa hulipiwa kwa muda, kwa kawaida mwaka mmoja mmoja. Usipolipia upya linaweza kuachiwa, na mtu mwingine akalichukua. Andika tarehe hiyo mahali utakapoiona.

Sajili kwa jina lako au la kikundi, kwa baruapepe na namba ya simu mnayoimiliki ninyi. Fundi akilisajili kwa baruapepe yake, taarifa za malipo zitakwenda kwake. Siku mkigombana, au akihama, utakuwa unamwomba mtu mwingine ruhusa ya kutumia jina la biashara yako. Kwa kikundi, watu wawili wawe na neno la siri, na libadilishwe uongozi ukibadilika.

Kutengeneza kurasa

Programu ya WordPress ni ya bure na mafundi wengi wanaijua. Google Sites pia ni ya bure, na unaweza kuiunganisha na jina lako mwenyewe. Kwa kuanzia, ukurasa mmoja unatosha, ukiwa na haya:

- Unauza nini, kwa sentensi mbili.
- Bei, au bei ya kuanzia.
- Mahali ulipo, na alama inayojulikana: mbele ya magofu ya Kaole, karibu na soko la samaki.
- Namba ya simu na saa za kazi.
- Picha nne au tano ulizopiga mwenyewe.

Ukitegemea wageni wa nje, andika kwa Kiswahili na Kiingereza.

Picha ya simu janja inaweza kuwa na MB 3 au zaidi. Kumi kama hizo zinamla mteja bando na ukurasa unachelewa kufunguka. Zipunguze kabla ya kuziweka. KB 200 kwa picha moja zinatosha.

Weka pia kiungo cha WhatsApp. Kinaandikwa https://wa.me/255 kikifuatiwa na tarakimu tisa za namba yako, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Mteja akikigusa, mazungumzo yanafunguka.

Malipo na taarifa za wateja

Huhitaji mfumo mkubwa wa malipo. Andika lipa namba yako pamoja na jina linalotokea mteja anapolipa, ili ajue hakukosea. Kamwe usimuulize mtu namba yake ya siri.

Ukikusanya majina na namba za wateja, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Chukua unachohitaji tu, usimpe mtu mwingine.

Maswali ya kumuuliza fundi kabla ya kulipa

- Jina litasajiliwa kwa nani, na kwa baruapepe ipi?
- Kila mwaka nitalipa nini, na nitamlipa nani?
- Nitapewa maneno yote ya siri lini?
- Naweza kubadili bei mwenyewe kwa simu?
- Anwani itaanza na https, ili simu ya mteja isimwonye kwamba tovuti si salama?
- Nikitaka kuhamia kwa fundi mwingine, nitapewa nakala ya kurasa?

Majibu yaandikwe, na pande zote mbili zisaini. Fundi asiyetaka kujibu swali la kwanza, tafuta mwingine.