Wayahudi wa London na jina la kuazima

Mwaka 1656, maofisa wa serikali ya Oliver Cromwell walikamata meli mbili na shehena za Antonio Robles, mfanyabiashara wa London. Uingereza ilikuwa vitani na Hispania, na Robles alikuwa amechongewa kwamba ni Mhispania. Angeweza kujibu kuwa ni Mreno, akaishia hapo. Yeye akaongeza kwamba ni Myahudi, na kwamba jamaa zake waliteswa na mahakama ya Kanisa iliyowasaka watu wa dini yake.

Kulitamka neno hilo mbele ya dola kulitaka moyo mkubwa. Mfalme Edward I aliwafukuza Wayahudi wote mwaka 1290, na tangu hapo hapakuwa na mfalme aliyeitangua amri yake. Aliyebaki au aliyeingia baadaye alijifunika jina la Kikristo.

Na waliingia. Enzi za Malkia Elizabeth I, London ilikuwa na familia kadhaa za asili ya Ureno, watu waliobatizwa ambao mchana walionekana kanisani na ndani ya nyumba zao wakashika dini ya mababu. Serikali ilijua ikanyamaza, kwa sababu walikuwa na manufaa. Tabibu Hector Nunes, kwa mfano, alimletea waziri Francis Walsingham habari za Hispania alizozipata kwa wenzake wa biashara. Lakini Joachim Gaunse wa Prague, fundi wa madini, alipokana waziwazi huko Bristol mwaka 1589 kwamba Yesu ni Mungu, alikamatwa na kupelekwa London.

Anayenisikitisha zaidi ni Rodrigo Lopez, tabibu wa malkia mwenyewe. Alizaliwa Ureno, akabatizwa, akaishi London kama Mprotestanti kwa miaka mingi. Mwaka 1594 Mkuu wa Essex alimshitaki kwa njama ya kumpa malkia sumu. Malkia alisita kwa miezi kabla ya kuruhusu hukumu itekelezwe, na baadaye akamrudishia mjane sehemu kubwa ya mali. Pale Tyburn, Lopez alisema anampenda malkia kama anavyompenda Yesu Kristo. Umati ukamcheka. Maisha yake yote ya ubatizo hayakumfaa kitu. Machoni pa waliokuja kutazama akinyongwa, alikuwa Myahudi tu.

Kwa hiyo Menasseh ben Israel, rabi wa Amsterdam, alipofika London mwaka 1655, aliomba kilichokuwa kigumu kuliko ulinzi wa kimyakimya: Wayahudi waruhusiwe kurudi kwa jina lao. Desemba mwaka huo Cromwell aliita mkutano Whitehall. Wanasheria walieleza kwamba hapakuwa na sheria ya kuwazuia, kwani amri ya 1290 ilitoka kwa mfalme peke yake. Hata hivyo wafanyabiashara waliogopa ushindani, na baadhi ya makasisi walipinga vikali. Cromwell akauvunja mkutano bila uamuzi.

Mlango ukafunguliwa na Robles. Mei 1656 alirudishiwa mali yake bila tangazo lolote, na wenzake wakaelewa kwamba Myahudi aliyejitaja ameachwa salama. Kabla mwaka haujaisha walikuwa na nyumba ya ibada Creechurch Lane, na Februari 1657 wakakodi ardhi ya makaburi Mile End.

Menasseh hakuyaona hayo kuwa ushindi. Alikuwa ameomba tamko la wazi, na hakulipata. Posho ya pauni 100 kwa mwaka aliyoahidiwa na Cromwell haikumfikia. Mwaka huo wa 1657 mwanawe Samuel alifia London, na baba akaubeba mwili wake kuvuka bahari hadi Uholanzi. Novemba naye akafariki, huko Middelburg, kabla hajafika nyumbani Amsterdam.