Wote Wamekosea, Nani Alipe? Historia ya Kitambaa cha Njano cha NFL

Wadau, kama umewahi kukesha mpaka alfajiri ya Jumatatu ukisubiri shoo ya mapumziko ya Super Bowl, huenda umeliona hili. Refa mmoja anarusha kitambaa cha njano, mwingine naye anarusha chake. Wachezaji wanaoneshana vidole, kila mtu "siyo mimi, ni yeye". Refa mkuu anawasha maiki, anatangaza kuwa timu zote mbili zimefanya faulo, adhabu zinafutana, jaribio linarudiwa. Watu wanarudi walipokuwa, yameisha.

Unaweza kudhani ni ubabaishaji. Hapana, hiyo sheria ina historia nzito, na kuna timu ilitolewa kwenye mashindano kwa sababu kilirushwa kitambaa kimoja wakati vilitakiwa viwili.

Kwanza twende sawa. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ukikosea, adhabu kubwa ni uwanja wenyewe: unasogezwa nyuma, au mpinzani anasogezwa mbele, kwa kawaida yadi 5, 10 au 15. Kwa hiyo yadi ndiyo hela ya mchezo huu, na marefa ndio wahasibu.

Zamani uhasibu huo ulikuwa wa hovyo. Mwaka 1905 magazeti ya Marekani yalihesabu vijana wasiopungua 18 waliokufa kwa mchezo huu msimu mmoja tu. Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu watu wa Harvard, Yale na Princeton, akawaambia wausafishe. Mwaka 1906 sheria zikabadilika: pasi ya mbele ikaruhusiwa, na safu mbili zikatenganishwa na ukanda wenye upana sawa na urefu wa mpira. Kabla ya hapo watu walikuwa uso kwa uso, wanatwangana, refa hajui nani kaanza. Sasa angalau aliona nani kavuka.

Ila kuona ni jambo moja, kuwaambia watu ni jingine. Marefa walipuliza honi na filimbi, na kwenye kelele za uwanjani hakuna aliyeelewa. Oktoba 17, 1941, kocha wa Youngstown, Dwight Beede, akaleta wazo la kitambaa. Aliyevishona ni mkewe, Irma, akitumia nguo kuukuu za nyumbani na vyuma vya uzito vya wavuvi ili virushike vizuri. Mama wa watu na sindano yake kabadilisha mchezo mzima! NFL ikavichukua mwaka 1948, rangi ya njano ikaja 1965, na mwaka 1975 marefa wakapewa maiki.

Sasa tuje kwenye kiini: wote wakikosea inakuwaje? Kanuni ya msingi ni kufuta na kurudia. Lakini watunga sheria waligundua kuwa kufuta kila kitu kunaweza kumlinda mkosaji mkubwa. Ndiyo maana NFL ina kanuni ya 5 kwa 15: ukifanya kosa dogo la yadi 5 na mwenzako akafanya la yadi 15, kwa kawaida lako linasahaulika na lake linalipwa lote. Pia kuna kanuni ya mikono safi. Tuseme wenye mpira wamefanya faulo, halafu wewe ukaudaka mpira wao ukiwa bado hujakosea lolote. Hata ukikosea baadaye wakati unakimbia nao, utaadhibiwa, ila mpira unabaki wako. Yaani wanaangalia ulikuwa msafi wakati unaupata.

Na yote hayo yanategemea kitu kimoja: refa aone pande zote. Januari 5, 2003, San Francisco, mechi ya mtoano. New York Giants walikuwa mbele 38-14, wakafikiwa na kupitwa, 39-38. Zimebaki sekunde 6, wanataka kupiga mpira katikati ya nguzo kwa pointi 3. Mpira ukarudishwa vibaya. Aliyeushika akaona isiwe tabu, akarusha mbele kwa mwenzake aliyeruhusiwa kudaka. Yule jamaa akavutwa chini kabla mpira haujafika. Kitambaa kikaruka! Lakini ni dhidi ya Giants, kwa sababu mchezaji wao mwingine alikuwa amekwenda mbele bila ruhusa. Ya kuvutwa, kimya. Mechi ikaisha.

Kesho yake NFL ikakiri: faulo ya pili ilikuwepo. Adhabu zilitakiwa zifutane, na Giants warudie jaribio hata kama saa ilikuwa imeisha. Mpira ule ule, nguzo zile zile, yadi 41. Wangeweza kukosa tena, sawa, lakini nafasi ilikuwa yao. Matokeo hayakubadilishwa, na msimu wao ukaishia pale.

Kwa hiyo ukiona vitambaa viwili chini, usiseme marefa wameogopa kuamua. Kuhukumu wote wawili ni kazi ngumu kuliko kumhukumu mmoja. Ukimwona mkosaji mmoja tu, kosa la kweli unalo mkononi, na bado umedhulumu mtu.

Haya, kazi kwenu: mngekuwa NFL siku ile, mngeamuru warudi uwanjani kupiga ule mpira mmoja, au yaliyopita si ndwele? Shusha maoni yako hapo chini.