Migomba ya Machame katika Rangi za Mafuta

Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, alisomea uchoraji katika chuo cha Slade, London, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Rangi za mafuta za Ulaya zilikuwa na sheria zake: mwanga uangukie upande mmoja, mwili uwe na kivuli, na vitu vya mbali vipungue ukubwa na kufifia. Ntiro alizisikia sheria hizo zote. Aliporudi Afrika Mashariki aliendelea kuchora watu wasio na vivuli, njia zinazopanda hadi juu ya picha, na migomba iliyojaa kila pembe, huku Wachagga wakilima, wakivuna na kubeba mizigo pamoja.

Wapo waliouita mtindo huo wa kitoto. Walikosea. Mtu aliyepita Slade alijua kivuli kinavyochorwa, ila aliamua kutokichora. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Ndani yake hakuna shujaa mmoja aliyemulikwa katikati. Kazi na sherehe ni za watu wote.

Kabla ya Slade, mwalimu wa kwanza wa sanaa wa Ntiro huko Makerere, Kampala, alikuwa Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha uchoraji barazani kwake mwaka 1937. Aliwasimulia wanafunzi kisa, kisha akawaacha wachore walichokiona akilini, bila kuwawekea picha za Ulaya za kuiga. Njia hiyo ilizaa matunda, ingawa aliyeamua kipi ni cha Kiafrika bado alikuwa mgeni.

Miaka hiyohiyo China nayo ilikuwa na mjadala wake kuhusu rangi hizo za Ulaya. Dong Xiwen, aliyewahi kunakili michoro ya kale ya mapango ya Dunhuang, mwaka 1953 alichora kwa rangi za mafuta kutangazwa kwa Jamhuri ya Watu. Alitumia rangi kali, zisizo na vivuli vizito, kama zile za picha ambazo wakulima hubandika nyumbani mwaka mpya. Kule serikali ilikuwa ikidai sanaa ya taifa, na baadaye ikamwamuru afute viongozi walioanguka. Ntiro hakuamrishwa na mtu.

Elimo Njau, Mchagga mwingine wa Makerere, aliupeleka uchoraji huu wa maisha ya nyumbani ukutani. Mwaka 1959 alimchora Yesu katika kanisa la Murang'a, Kenya, akizaliwa na kusulubiwa katika nchi ya Wakikuyu.

Kwa mchoraji wa Kalobeyei, makazi ya wakimbizi huko Turkana, Kenya, swali la mila ya kufuata ni gumu zaidi. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 2016, na humo wanaishi watu wa Sudan Kusini, Kongo, Burundi na Ethiopia, jirani na Waturkana ambao rangi yao imekaa siku zote mwilini, kwenye ngozi na shanga, si kwenye turubai. Mila ipi basi iongoze brashi? Ntiro alianza na kazi za watu, na kazi hazikosekani hapa. Laga ya Tarach, mto wa msimu, ikikauka, wanawake huchimba mchanga kutafuta maji, na anayechota na anayesubiri zamu wanastahili kuchorwa kwa ukubwa uleule.