Meno ya Nguru na Safari ya Waya

Nguru hang'ang'anii chambo. Hukipitia kwa kasi, akakikata kama mkasi. Meno yake ni bapa, ya pembetatu, makali kama wembe. Mshipi uliokazwa ukiguswa na jino moja umekwisha, hata kama ungeweza kuinua gunia la mchele. Ndiyo maana mvuvi wa mwambao anayemtaka nguru hufunga kipande cha waya kati ya mshipi na ndoana.

Maji baridi ya Uingereza nayo yalikuwa na mhalifu wake: paiki, samaki wa mitoni na maziwani mwenye kinywa kilichojaa meno. Izaak Walton, katika kitabu chake cha uvuvi cha 1653, tayari alitaja waya kwa ajili yake. Karne ya 19 ikaleta uzi wa hariri uliozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Ulikuwa laini na wa kupendeza, ila maji yalipenya ndani na hariri ikaoza kimyakimya. Mvuvi aligundua wakati samaki ameshakwenda na ndoana.

Mwishoni mwa karne hiyo Wamarekani wakageukia waya wa piano. Meno hayakuuweza. Kutu iliuweza, na ukijipinda kitanzi kidogo tu, hukatikia papo hapo.

Kisha nailoni. DuPont iliitangaza mwaka 1938. Ilipofanywa mshipi, uzi wa pamba, uliohitaji kuanikwa usioze, ukaanza kuachwa. Mwaka 1971 kampuni ya Kijapani, Kureha, ikaleta uzi wa florokaboni, unaopinda mwanga kwa kiwango kilicho karibu zaidi na cha maji kuliko nailoni, hivyo huonekana kwa shida zaidi. Miaka ya 1990 zikaenea nyuzi za poliethilini zilizosukwa, nyembamba mno lakini zenye nguvu kuliko nailoni ya unene uleule.

Nyuzi hizo zote zilishindania nguvu ya kuvuta, kutooza au kutoonekana. Nguru hashindani kwa kuvuta, anakata, na uzi uliosukwa, pamoja na sifa zake zote, ukikazwa hukatwa kirahisi.

Kwa hiyo waya haujastaafu. Wa uzi mmoja ni mwembamba lakini hujipinda. Wa nyuzi nyingi hulegea vizuri majini, kisha meno huutafuna unywele baada ya unywele. Urefu nao una hesabu yake. Maji yakiwa maangavu, waya mrefu humshtua samaki. Ukiwa mfupi, nguru anayemeza chambo kizima huuma juu yake, penye nailoni.