Vita vya Waingereza vilivyopita Thika na Ruiru, na majina yaliyoachwa njiani

Kila mwaka vijana wetu wa Pwani hupanda basi la usiku kwenda kusoma bara. Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa, JKUAT iko Juja, Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko Thika. Vyote viko kwenye barabara moja, na Ruiru iko katikati. Wengi hukaa huko miaka minne wakarudi na shahada zao bila kuambiwa kwamba barabara hiyo imebeba historia ya vita ambavyo hata Waingereza wenyewe hawavisomeshi watoto wao.

Mimi ni mtu wa Mombasa mwenye stashahada, wala sidai kuwa mwanahistoria. Lakini nimeipita njia hiyo mara nyingi, na nina tabia ya kusoma maandishi ya makaburi na minara. Nimeona niyakusanye mahali pamoja, ili mwanafunzi au mzazi anayemtembelea mwanawe ajue anapita wapi. Ukiyafuata mambo haya kwa mpangilio wa miaka, utaona swali moja likirudi kila mara: nani aliandikwa jina, na nani hakuandikwa?

Kapteni wa Juja

Kabla ya Juja kuwa mji wa wanafunzi, ilikuwa shamba la tajiri wa Kimarekani, William Northrup McMillan, mzaliwa wa St. Louis. Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, alifikia hapo mwaka 1909 alipokuja kuwinda.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Kenya ilikuwa chini ya Mwingereza na Tanganyika chini ya Mjerumani. McMillan alijiunga na batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, kikosi cha ajabu kidogo. Ndani yake mlikuwa na wawindaji, wasafiri na wazee waliopita umri wa jeshi. Kilishuka Kilindini Mei 1915, na mwezi uliofuata kikapelekwa kupitia Ziwa Victoria kuushambulia mji wa Bukoba. Waliuteka, wakaangusha mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani, kisha mji ukaporwa, na wao wakaondoka.

Mwenzake McMillan katika kikosi hicho alikuwa mwindaji mashuhuri Frederick Selous. Aliuawa kwa risasi Beho Beho, kaskazini mwa Mto Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, akiwa na miaka 65. Kaburi lake bado liko huko, na mbuga kubwa ya Tanzania iliitwa kwa jina lake.

McMillan alipewa cheo cha Sir, akafa mwaka 1925, akazikwa kwenye mlima wa Ol Donyo Sabuk, mashariki ya Thika. Nia ilikuwa azikwe kileleni, lakini gari lililobeba jeneza lilishindwa kupanda, akalazwa njiani. Mgeni yeyote wa mbuga hiyo huonyeshwa kaburi lake, na maktaba ya McMillan pale Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, inalitunza jina lake.

Waliobeba mizigo

Sasa tuwageukie waliokifuata kikosi kama hicho kwa miguu. Jeshi la Mwingereza lilikuwa likimfukuza jemadari wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, katika nchi isiyokuwa na barabara. Farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Chakula, risasi na wagonjwa vilibebwa kichwani na mabegani.

Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilimteua John Ainsworth kusimamia ukusanyaji wa watu, na ule ukawa msako mkubwa. Machifu walipewa idadi ya kutoa. Kiambu, Fort Hall ambayo leo ni Murang'a, Nyeri, Ukambani na Nyanza zote zilitoa vijana wao. Thika yenyewe ilikuwa imepata reli mwaka 1913 tu.

Jeshi hilo la wapagazi liliitwa Carrier Corps, na midomo ya watu ikaligeuza kuwa Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Kwa hesabu za serikali yenyewe, wapagazi zaidi ya 40,000 wa upande wa Mwingereza walikufa, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga wa mahindi uliopikwa nusu na watu waliochoka.

Pwani nayo ilikuwa ndani ya vita hivyo. Wagiriama waliokataa kutoa vijana wao wafanye kazi za Mzungu, wakiongozwa na Mekatilili wa Menza, walipigwa na askari wa Keya mwaka 1914, wakati ule ule Wajerumani wakiusogelea mpaka. Keya ndiyo King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya maofisa wa Kiingereza lililoundwa mwaka 1902. Mombasa ilitoa pia kikosi cha Waarabu na Waswahili chini ya Arthur Wavell, Mwingereza aliyewahi kufika Makka kwa kujificha. Aliuawa huko Kwale Januari 1916, na mnara wake uko karibu na Fort Jesus.

Wapagazi walipewa nini? Sanamu za shaba. Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zilisimamishiwa sanamu za askari mwishoni mwa miaka ya 1920. Ile ya Nairobi ina maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, lakini huoni jina la mtu hata mmoja.

Barabara ya Garissa na mateka wa Ndarugu

Ukifika Thika, njia inayokata kulia kuelekea mashariki ndiyo ya Garissa. Mwaka 1940 Italia iliingia vitani, nayo ilikuwa na majeshi Somalia na Ethiopia. Mpaka wa kaskazini mwa Kenya ukawa uwanja wa vita. Majeshi ya Keya, Nigeria, Gold Coast na Afrika Kusini yalijipanga kando ya Mto Tana, Garissa na Bura, kisha yakavuka.

Mwendo wao ulikuwa wa kasi isiyotarajiwa. Kismayu ilianguka tarehe 14 Februari 1941, Mogadishu tarehe 25 mwezi huo huo, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Katika mapigano ya Colito, kusini mwa Ethiopia, tarehe 19 Mei, Sajenti Nigel Leakey wa Keya aliparamia vifaru vya Waitaliano akiwa peke yake. Hakuonekana tena. Alipewa Victoria Cross, nishani kubwa kuliko zote za Mwingereza, vita vilipokwisha.

Makumi ya maelfu ya Waitaliano waliletwa Kenya kama mateka, na mojawapo ya kambi zao ilikuwa Ndarugu, baina ya Juja na Thika. Waitaliano hao waliacha alama. Kanisa dogo la njia ya Mai Mahiu walilijenga wao mwaka 1942. Na waliofia utekani wamekusanywa katika kanisa la kumbukumbu kule Nyeri, kila mmoja na jina lake ukutani. Hata mateka aliandikwa jina.

Meli iliyoondoka Kilindini

Mapema Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Mombasa kuelekea Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ndani ya meli Khedive Ismail mlikuwa na watu zaidi ya 1,500: kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki, mabaharia, na wanawake wakiwemo wauguzi. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa makombora. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297.

Manowari za Kiingereza ziliiona nyambizi ikijificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Zikarusha mabomu ya majini kati yao, kwani nyambizi ile ingeachwa ingezizamisha meli nyingine. Hatimaye iliangamizwa. Ni mojawapo ya maafa makubwa kabisa ya meli za upande wa Mwingereza katika vita vile, na hapa bandarini ilikoondokea ni wachache wanaoijua.

Waliofika walipelekwa Burma, ambayo leo ni Myanmar. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika masika ya 1944, bonde ambalo wengine walilikwepa kwa sababu ya malaria na matope. Tarehe 2 Desemba waliingia Kalewa, na siku chache baadaye daraja la vyuma la urefu wa mita 350 hivi likatandazwa juu ya Mto Chindwin, jeshi zima likapita. Wakamba, ambao nchi yao inaanza mashariki ya Thika, walikuwa wengi katika Keya kupita uwiano wa idadi yao. Lugha ya amri ilikuwa Kiswahili, kile Kiswahili cha Keya ambacho sisi watu wa Pwani tulikicheka. Lakini ndicho kilichofika Burma.

Kamiti na Kahawa

Waliporudi, Wazungu waliopigana walipewa mashamba, kama ilivyofanyika baada ya vita vya kwanza. Mwafrika alirudi kwenye kipande. Waruhiu Itote, aliyekuwa koplo wa Keya kule Burma, aliingia msituni akawa Jenerali China wa Mau Mau. Alikamatwa Januari 1954. Dedan Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti, si mbali na Ruiru, tarehe 18 Februari 1957, akazikwa humo humo katika kaburi lisilo na alama.

Tukirudi Kahawa, Chuo Kikuu cha Kenyatta kilikuwa kambi ya jeshi la Mwingereza iliyoitwa Templer Barracks. Kutoka Kenya, mwaka 1961, brigedi ya 24 ilipelekwa Kuwait kwa ndege. Kuwait ilikuwa imepata uhuru mwezi Juni, na baada ya siku chache Iraq ikadai kwamba nchi hiyo ni yake. Waingereza walitua tarehe 1 Julai. Risasi hazikupigwa, lakini askari wengi waliangushwa na joto. Vijana wetu wanaokwenda Kuwait kutafuta riziki hawajui kwamba safari ya kijeshi iliwatangulia kutoka Kenya hii hii.

Januari 1964 askari wa Kiafrika waliasi, kwanza Dar es Salaam katika kambi iliyoitwa Colito kwa kumbukumbu ya mapigano yale ya 1941, kisha Uganda na Lanet, karibu na Nakuru. Mwaka uliofuata Kahawa ilikabidhiwa serikali ya Kenya, ikawa chuo.

Kama unatafuta jina la babu

Mambo haya si ya makavazi peke yake. Yako majumba yenye nishani iliyofungwa kwenye kitambaa au karatasi ya kuachishwa jeshi inayoliwa na mchwa. Ukiwa nayo, ipige picha leo. Nakili namba ya askari na batalioni yake, maana majina yetu yaliandikwa ovyo na karani wa Kiingereza, lakini namba haibadiliki.

Kwa waliokufa kati ya 1939 na 1945, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ina orodha ya bure mtandaoni. Mnara wa Afrika Mashariki uko kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi, na waliozama na Khedive Ismail kutoka kikosi cha 301 wameandikwa humo. Waliokufa Burma bila kaburi wako Taukkyan, nje kidogo ya Yangon.

Kwa wa 1914 hadi 1918 ni shida. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilichapisha ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Tangu hapo majina yanatafutwa, Kenya ikiwemo.

Majina hayo hayatatoka London peke yake. Mengine yako Kandara, Gatundu, Matuu, Kaloleni na Msambweni, katika vichwa vya wajukuu wa waliochukuliwa. Kijana wako akiwa Juja au Thika, mwambie Jumamosi moja aende Ol Donyo Sabuk alione kaburi la kapteni. Kisha awaulize wazee wa pale ni nani wa kwao aliyekwenda Kariakoo asirudi, na aandike jina atakalopewa.