Steringi hafi, ila kuchechemea anachechemea

Leo naweka desa pembeni nizungumzie kitu ninachokipenda na kinachonikera kwa wakati mmoja: picha za kikauboi. Sizungumzii zile sinema za Clint Eastwood na kisigara mdomoni, hizo kila mtu anazijua. Nazungumzia tamthilia za runinga za Marekani za miaka ya 1950 na 1960: Gunsmoke, Bonanza, Rawhide, The Lone Ranger. Tanzania Bara runinga ilianza 1994, kwa hiyo hizi nimezirithi kwa mjomba aliyekuwa na kanda zake za video, na nyingine nimezisaka mwenyewe mtandaoni usiku wa manane, watu wakiwa wamelala na intaneti ikiwa na kasi. Majina ya wale waigizaji nayajua kuliko ya wabunge wetu.

Tatizo ni kwamba nasoma historia, na wenzangu hapa bwenini wananisakama. Iweje Mwafrika mzima, mwanahistoria mtarajiwa, akae kushangilia wazungu wanaojifanya wameikuta Amerika tupu haina mwenyewe? Swali ni halali kabisa. Jibu langu ni refu kidogo, vumilieni.

Kwanza mjue mambo haya yalikuwa makubwa kiasi gani. Msimu wa 1958–59, kati ya vipindi 10 vilivyotazamwa kuliko vyote Marekani, 7 vilikuwa vya kikauboi. Saba! Kinara ilikuwa Gunsmoke, iliyoanza Septemba 1955 na kufungwa 1975: misimu 20, vipindi 635. Ni habari za Marshal Matt Dillon, mlinda sheria wa Dodge City, mji wa Kansas ambako ng'ombe waliswagwa kutoka Texas ili wapakiwe kwenye treni.

Sasa oneni maajabu. Dodge City ya kweli ilikuwa mji wa ng'ombe kwa kama miaka kumi tu, toka katikati ya miaka ya 1870 mpaka 1885, pale Kansas ilipowapiga marufuku ng'ombe wa Texas kwa sababu ya homa inayoenezwa na kupe. Yaani Dillon ameulinda ule mji kwenye runinga mara mbili ya muda ambao mji wenyewe ulikuwa na kitu cha kulindwa. Na bunduki? Kubeba silaha mjini kulikuwa marufuku. Mwanahistoria Robert Dykstra alihesabu watu waliouawa katika miji mitano ya ng'ombe ya Kansas, Dodge ikiwemo, kuanzia 1870 hadi 1885, akapata 45. Miji mitano, miaka kumi na tano! Dillon kwa kasi yake hiyo idadi angeimaliza mapema tu, miaka kumi na nane iliyobaki akae na Miss Kitty anakunywa kahawa.

Kwa hiyo kama historia, zile tamthilia ni hovyo. Hilo silibishi. Ninachobisha ni kwamba wale waliozicheza nao walikuwa watu wa karatasi. Hapo ndipo utamu ulipo.

Chukua James Arness, Matt Dillon mwenyewe. Pande la mtu, mita mbili na ushee. Mwaka 1944 alikuwa askari wa miguu, akashushwa na wenzake ufukweni Anzio, Italia. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mrefu kuliko wote, aliamriwa atangulie kuruka majini ili waone kina kinafika wapi. (Urefu nao una gharama zake, wafupi tusikate tamaa.) Baadaye risasi za Wajerumani zikamvunjavunja mguu wa kulia. Akafanyiwa operesheni kadhaa, akaruhusiwa jeshini mwaka 1945, na ule mguu ukamsumbua mpaka mwisho wa maisha yake. Kupanda farasi, ambayo ndiyo kazi aliyolipwa kuifanya kwa miaka 20, kulikuwa kunamuumiza. Mkimtazama vizuri anavyotembea mtaona mguu mmoja una lake. Ila Matt Dillon ni steringi, na steringi hachechemei. Kwa hiyo Arness alikuwa anauficha.

Sasa njoo kwa msaidizi wake, Chester, aliyechezwa na Dennis Weaver. Chester ana mguu mkavu, anauburuta vumbini kila aendako, na huo mguu ndio uliompa umaarufu Marekani nzima. Mwaka 1959 akapewa tuzo ya Emmy. Na Weaver alikuwa na miguu mizima kabisa! Tena si mizima tu: mwaka 1948 alishiriki mchujo wa kutafuta timu ya Marekani ya Olimpiki kwenye dekathloni, ule mchezo wa mashindano kumi, akashika nafasi ya sita. Yaani mwanariadha wa kiwango cha taifa anajifanya kiwete, na pembeni yake majeruhi wa vita anajifanya mzima. Nilipolijua hili nilirudia kutazama vipindi vitatu mfululizo, si kwa ajili ya hadithi, bali niiangalie miguu. Jaribuni.

Tuje Bonanza. Hii ilianza NBC mwezi Septemba 1959, ikiwa ya rangi tangu siku ya kwanza wakati watu wengi walikuwa bado na runinga za nyeusi na nyeupe. Sababu yake ni biashara: NBC ilikuwa mali ya RCA, na RCA walikuwa wanauza runinga za rangi. Milima ya kijani, ziwa la buluu, koti la kijani la Little Joe, vyote hivyo vilikuwa vinasema "mzee, kanunue seti mpya". Baba Ben Cartwright ana ranchi kubwa iitwayo Ponderosa na vijana watatu aliowazaa na wake watatu tofauti, wote marehemu (kuolewa na Ben ilikuwa hatari kuliko kufukuzana na majambazi). Lorne Greene aliyemcheza baba alikuwa Mkanada, na aliwazidi wanawe wawili wakubwa, Pernell Roberts na Dan Blocker, miaka 13 tu. Wote wawili walizaliwa 1928, yeye 1915. Mvi zilifanya kazi kubwa pale.

Lakini nilichotaka mkisikie ni cha Jackson, Mississippi. Mji huo ndiko mwanaharakati Medgar Evers alikopigwa risasi mbele ya nyumba yake Juni 1963. Jirani na hapo kuna Tougaloo, chuo cha watu weusi. Wanafunzi wa Tougaloo, watu wa umri wetu huu huu, walibuni mbinu: wakawa wanawaandikia barua wasanii wakubwa waliopangwa kuja Jackson, wakiwaeleza kwamba ukumbini weusi na weupe wanatengwa, na kuwaomba wasije. Barua tu. Mwanzoni mwa 1964 waliopangwa kuja walikuwa Lorne Greene, Dan Blocker na Michael Landon, watatu kati ya wale wanne wa Ponderosa, kutumbuiza kwenye maonyesho ya biashara. Walipopata habari ya ubaguzi, wakajitoa.

Msilichukulie kirahisi. Blocker hakuwa mtu wa New York wa kusema "hao ni watu wa Kusini na mambo yao". Alikuwa mtoto wa Texas, alipigana Korea, akawa mwalimu wa shule kabla ya kuigiza. Na mapato ya runinga yalitegemea matangazo, matangazo yakategemea watazamaji, na watazamaji wa Kusini walikuwa wengi. Meya wa Jackson, Allen Thompson, alitangaza kwamba hatazami tena Bonanza, na vyama vya wabaguzi vikahimiza watu waisuse. Matokeo yake? Kuanzia msimu wa 1964–65 Bonanza ilikuwa ya kwanza Marekani nzima, misimu mitatu mfululizo. Kuna watu walisusa mdomoni, Jumapili usiku wakafunga mapazia wakatazama. Huo ni ubashiri wangu lakini hesabu zinanisaidia.

Pernell Roberts, yule Adam mwenye nguo nyeusi, yeye alikwenda mbali zaidi. Alikuwa mzaliwa wa Georgia, tena msumbufu, anayelalamika waziwazi kwamba hadithi ni dhaifu na kwamba ni kichekesho wanaume wazima kumwomba baba ruhusa ya kila kitu. Mwaka 1965 alishiriki maandamano ya Selma, Alabama, ya kudai haki ya watu weusi kupiga kura, na mwaka huo huo akaiacha Bonanza ikiwa kileleni. Watu walimwona chizi. Miaka iliyofuata hakupata kitu kikubwa mpaka alipocheza udaktari kwenye Trapper John, M.D. mwaka 1979. Katika wanne wale ndiye aliyekuwa wa mwisho kufa, Januari 2010.

Hapo washikaji zangu husema: sawa, lakini weusi wenyewe wako wapi kwenye hizo picha? Hilo ndilo linalonikera. Wanahistoria wanakadiria kwamba kwenye misafara ya ng'ombe kutoka Texas, kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Wengi walikuwa watumwa waliokwisha kuijua kazi ya ng'ombe kabla ya uhuru wa 1865. Sasa Rawhide, iliyoanza 1959, ni tamthilia nzima juu ya msafara wa ng'ombe kutoka Texas. Hakuna hadithi nyingine, ni ng'ombe na vumbi. Mchungaji mweusi wa kudumu aliingia lini? Msimu wa mwisho, 1965, Raymond St. Jacques akicheza Simon Blake. Alikuja wakati karamu inafungwa, viti vinapangwa. Otis Young ndiye aliyepewa nafasi ya steringi mwenza, akiwa na mzungu Don Murray, kwenye The Outcasts mwaka 1968. Ilidumu msimu mmoja.

Na walinda sheria? Bass Reeves alizaliwa mtumwa Arkansas, na kuanzia 1875 akawa naibu wa marshal kwenye eneo walilohamishiwa wenyeji wa asili, ambalo leo ni Oklahoma. Alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 30 na inasemekana alikamata watu zaidi ya 3,000. Huyo ndiye Matt Dillon wa kweli, kama mnataka mmoja. Alikufa 1910. Kupata tamthilia yenye jina lake akasubiri mpaka 2023, akachezwa na David Oyelowo. Hesabuni wenyewe hiyo miaka.

Wenyeji wa asili nao walikuwa wanakufa kwa mafungu kila wiki, mara nyingi wakichezwa na wazungu waliopakwa rangi. Ndiyo maana Jay Silverheels ana nafasi yake peke yake moyoni mwangu. Alikuwa Mmohawk kutoka Ontario, Kanada, mchezaji hodari wa lakrosi kabla ya kuingia kwenye picha. Toka 1949 mpaka 1957 alicheza Tonto, mwenzi wa The Lone Ranger, yule shujaa wa kinyago cheusi, na kupewa Kiingereza cha kuvunjikavunjika ambacho yeye mwenyewe hakuwa nacho. Steringi Clayton Moore aliwahi kuondolewa kwa muda na kuwekwa John Hart kwenye kile kinyago, lakini Tonto alibaki yule yule. Hadithi iliyoitwa ya Lone Ranger ilishikiliwa na msaidizi.

Miaka ya 1960 Silverheels alianzisha darasa la uigizaji Los Angeles kwa ajili ya wenyeji wa asili, ili wahusika wao wachezwe na wao. Moore naye hakukubali kuachana na kinyago; uzeeni aliendelea kukivaa kwenye maonyesho mpaka mwaka 1979 wenye haki za tamthilia walipomwekea amri ya mahakama asikivae hadharani. Mzee wa miaka 64! Akavaa miwani mikubwa ya jua badala yake, akaendelea na safari, mpaka alipokuja kuruhusiwa tena.

Mwaka huo huo wa 1979 Silverheels alipewa nyota yake kwenye njia ya mastaa Hollywood, wa kwanza miongoni mwa waigizaji wenyeji wa asili kupata heshima hiyo. Machi 1980 akafariki.

Haya wadau, kuna jaribio keshokutwa na desa linanisubiri. Nikipona nitawaletea habari za Woody Strode, maana huyo hawezi kuingia kwenye aya moja. Mwenye vipindi vya The Outcasts, hata kama picha ina chenga, anitafute.